Kuskani si kuweka faharasa

Jumamosi iliyopita alikuja kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa simu, mwenye mikono myepesi na akili nzuri. Alinikuta nimefungua toleo la jarida la redio la 1968 mezani, kompyuta iko pembeni, nachapa faharasa ya makala zake. Akaniamkia, akatazama kidogo, kisha akasema maneno ambayo mwaka huu peke yake nimeyasikia mara nne: "Mzee, mbona unajitesa? Skani yote, tia kwenye PDF, kompyuta itatafuta yenyewe."

Nilimkaribisha chai na kumjibu kwa maneno mawili matatu, maana mgeni hakaripiwi. Jibu kamili ni hili.

Majarida yenyewe niliachiwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa ofisa wa redio melini. Kila akishuka bandari ya Uingereza alirudi na fungu: Wireless World, Practical Wireless, mara nyingine QST ya Wamarekani, na miaka ya mwisho Elektor. Ni masanduku kumi na tisa. Mimi ni mkutubi kwa taaluma, na redio niliipenda kwenye meza yake. Kanzidata yangu ya faharasa naitunza kwa SQLite, programu ya kuhifadhi taarifa kwa majedwali: faili moja tu, majedwali manane, na juu yake FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta maneno ndani ya maandishi. Wanaoniuliza kwa nini nisitumie Excel nawaambia wajaribu kuingiza makala moja yenye waandishi wawili na mada tano, kisha wabadilishe jina la mada moja kila mahali lilipo. Nakala ya akiba ninayo moja hapa nyumbani na nyingine kwa dada yangu. Hayo yameisha.

Kuskani sikupingi. Unyevu wa pwani na mchwa havina huruma na karatasi, na mimi mwenyewe naskani. Ninachokataa ni imani kwamba ukishaskani kazi ya faharasa imekwisha.

Kosa la programu inayosoma maandishi kwenye picha ndilo dogo kuliko yote, kwa hiyo nalipita haraka. Inaisoma 2N3055 kwa herufi O mahali pa sifuri, na transista hiyo hutaipata tena. Ile alama ya maikro inaigeuza p, na kapasita ya 100 µF inakuwa ya 100 pF, tofauti ya mara milioni moja. Programu hizi zinazidi kuwa nzuri kila mwaka, na huenda siku moja zitasoma bila kosa hata moja.

Tuseme siku hiyo imefika. Kila herufi imesomwa sawasawa. Bado hutapata unachotaka, kwa sababu kompyuta inatafuta neno na wewe unatafuta jambo.

Chukua eriali. Mwingereza wa 1955 aliandika "aerial", Mmarekani wa mwaka huohuo akaandika "antenna". Valvu kwa mmoja ni "valve", kwa mwingine "tube". Waya wa kwenda ardhini ni "earth" huku na "ground" kule. Kapasita iliitwa "condenser" kwa miongo mingi kabla jina jipya halijashika, na mafundi wazee wa hapa mpaka leo wanasema kondensa. Masafa yaliandikwa "Mc/s", yaani mizunguko milioni kwa sekunde, kitu kilekile tunachokiita leo "MHz". Hertz ilikubaliwa kimataifa mwaka 1960, na majarida yakachukua miaka kadhaa kuhamia "MHz". Ukitafuta "7 MHz" kwenye matoleo ya 1950 utarudi mikono mitupu na kudhani hawakuandika chochote. Waliandika kila mwezi.

Au chukua watu wa kwetu. Anayetaka kujua maradio ya ridhaa ya Kenya, yaani vituo vya watu binafsi wanaowasiliana kwa kupenda tu, yalisikika wapi miaka ya hamsini ataandika 5Z4, kwa sababu ndiyo alama ya nchi inayoanza majina ya vituo hivyo leo. Wakati ule Kenya ilikuwa VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1. Alama za 5Z4, 5H na 5X zilikuja baada ya uhuru. Katika safu za majarida zinazoorodhesha vituo vya mbali vilivyosikika, VQ4 na VQ3 zimo tele, lakini kijana wa leo hawezi kuzitafuta kama hajui kwamba zilikuwapo. Kwenye kanzidata yangu kuna mada "Kenya, maradio ya ridhaa", na chini yake alama zote mbili. Nusu saa ya kazi, na milango ya miaka ya ukoloni na ya uhuru inafunguka pamoja.

Waandishi nao walijificha. Ndani ya Wireless World kuna makala nyingi nzuri za kufafanua misingi zilizotiwa saini "Cathode Ray". Huyo ni M. G. Scroggie. Ukitafuta Scroggie kwenye maandishi yaliyoskaniwa unapata alizoandika kwa jina lake tu. Kule Marekani Hugo Gernsback, mhariri na mchapishaji, aliandika makala za Aprili kwa jina la Mohammed Ulysses Fips, na makala hizo zilikuwa mzaha wa siku ya wajinga, zenye michoro na maelezo ya kuaminika kabisa. PDF haitakuambia kwamba unasoma mzaha. Kwangu kuna safu inayoitwa "aina", na makala kama hiyo inapata alama ya "mzaha wa Aprili" ili mtu asichome fedha zake kwenye vipuri.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la wale wanaoingiza kichwa cha makala na kuridhika. Oktoba 1945, ukurasa wa 305 wa Wireless World, Arthur C. Clarke, mwandishi wa hadithi za kisayansi, alieleza jinsi vituo vitatu juu ya ikweta, vinavyozunguka kwa saa 24 sawa na dunia, vingeweza kurusha matangazo duniani kote. Kichwa kinasema "Extra-Terrestrial Relays". Neno satelaiti halimo kwenye kichwa hicho, wala Afrika. Lakini kituo cha kwanza alichopendekeza alikiweka nyuzi 30 mashariki, kihudumie Afrika na Ulaya, na mstari huo unapita karibu kabisa na Kigali. Nilipoingiza makala ile niliandika mada tatu: satelaiti za mawasiliano, utangazaji, Afrika. Nakubali kwamba hapo kutafuta ndani ya maandishi kungesaidia kuliko kichwa kitupu. Na huo ukurasa wa 305 usikushangaze kwa jarida la kila mwezi: kurasa zilihesabiwa mfululizo kwa mwaka mzima, kwa hiyo usipoandika juzuu, namba ya ukurasa peke yake haimpeleki mtu popote.

Sasa jambo linaloniuma hasa, masahihisho.

Nikiwa kijana niliunda pawa saplai kutoka jarida moja la mjomba. Nilifuata mchoro mstari kwa mstari. Transista ya kwanza ilikufa nilipowasha tu. Nikapima kila kitu upya, nikaweka ya pili, nayo ikafa. Transista zile zilikuwa zimetoka mbali na sikuwa na ya tatu. Nilikaa miaka nikiamini kwamba mikono yangu haifai kwa kazi hii. Ni juzijuzi, nikiweka faharasa ya matoleo ya mwaka ule, ndipo nilipokuta mistari minne ya herufi ndogo chini ya ukurasa wa barua, miezi mitatu baada ya makala yenyewe: kwenye toleo la Machi, ukurasa wa 48, mchoro wa 2, kolekta na emita, miguu miwili ya transista, zimebadilishana. Basi. Hawakutaja jina la makala wala neno pawa saplai.

Niambie ni swali gani ungemwandikia kompyuta ili akuletee mistari ile minne. Hujui kwamba ipo. Haina neno hata moja la jambo unalolitafuta. Anayeweza kuiunganisha na makala yake ni mtu aliyesoma yote mawili, na ndiyo maana jedwali langu la nane halifanyi kazi nyingine: makala hii inasahihishwa na ile. Ukifungua makala yoyote yenye masahihisho, unaona onyo kabla hujaona namba ya ukurasa. Mpaka sasa jedwali hilo lina mistari 212, na kila mmoja ni transista ya mtu fulani.

Anayetaka kuanza leo na ana saa moja tu kwa wiki, namshauri asiyaache masahihisho hadi mwisho. Majarida mengi yalichapa faharasa ya mwaka, mara nyingi kwenye toleo la Desemba, na unaweza kuingiza hiyo kwanza uwe na mifupa. Nyama utaiongeza baadaye. Lakini masahihisho yaingize mapema.

Kuna shida nyingine ambayo ni yetu sisi tunaotafuta kwa Kiswahili. FTS5 inakuja na kikata-maneno, yaani kifaa cha kuyaandaa maneno yaweze kutafutwa, kiitwacho porter, kinachopunguza mikia ya maneno ya Kiingereza. Amplifier, amplifiers, amplifying, vyote vinaishia kwenye shina moja, na ukitafuta kimoja unapata vyote. Nomino zetu hubadilika kichwani. Kipokezi na vipokezi, mtambo na mitambo, wimbi na mawimbi. Porter haioni uhusiano wowote hapo. Kinyota cha kutafutia mwanzo wa neno nacho hakisaidii, kwa sababu mwanzo ndio uliobadilika: ukiandika kipokezi na kinyota, vipokezi hutaviona.

Nilijaribu trigram, kikata-maneno kinachovunja maandishi kwa herufi tatutatu. Ukitafuta "pokezi" unapata kipokezi na vipokezi, na pia mapokezi, jambo ambalo kwa redio si baya. Lakini trigram haiwezi kutafuta kitu kifupi kuliko herufi tatu. Katika fani ya redio hilo ni pigo: AM, FM, RF, TV, zote hazipatikani. Na kwa waya na nyaya inashindwa pia, kwa sababu kinachobaki sawa ni "aya", na ukitafuta hiyo unaletewa mpaka mbaya na taya.

Nilichofanya mwishoni ni kurudi kwenye ukutubi wa zamani. Kila mada ina jina moja la umoja, na pembeni yake safu ya majina mengine: wingi wake, jina la mafundi, Kiingereza cha Uingereza, Kiingereza cha Marekani, jina la kale. Naandika kwa mkono, mada moja baada ya nyingine. Ukiandika lolote kati ya hayo unafika palepale. Mada sasa ni 640, na safu hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoithamini kuliko zote.

Yale ambayo vitabu vya ukutubi havisemi nitayasema. Sina uhakika kama nilifanya vizuri kuchagua Kiswahili kiwe lugha ya mada wakati majarida yenyewe ni ya Kiingereza. Nilitaka fundi wa Tanga au Mwanza aweze kutafuta kwa maneno ya kinywani mwake. Lakini kuna mada ambazo jina la Kiswahili nimelitunga mwenyewe usiku, na hakuna fundi hata mmoja atakayeliandika. Pia nikilinganisha nilichoingiza mwaka wa kwanza na cha mwaka huu naona mkono wangu umebadilika. Vitu nilivyoviweka chini ya "pawa saplai" leo ningeviweka chini ya "chaja". Nimeshasahihisha baadhi, wala siamini kwamba nitamaliza.

Matangazo ya biashara niliyaacha kabisa kwenye masanduku sita ya kwanza. Nilidhani ni takataka. Sasa natambua kwamba bei za vipuri, majina ya maduka na vifaa ambavyo havikuandikiwa makala vimo humo tu, na watu wananiuliza. Kuyarudia masanduku sita ni miezi mingi. Toleo moja linanichukua dakika arobaini bila matangazo. Bado sijaanza.

Yule kijana tulipomaliza chai nilimwambia atafute kitu anachokitaka. Aliandika "chaja ya betri ya gari". Yakaja makala kumi na moja, mawili yakiwa na onyo la masahihisho. Alisoma moja la hayo mawili kwa muda mrefu, akachora saketi kwenye daftari lake pamoja na sahihisho, kisha akaniuliza kama anaweza kuja Jumamosi ijayo kunisomea namba za kurasa nikichapa. Nimemwambia aje saa nne.

Sanduku la kumi na mbili liko mezani linamsubiri. La juu kabisa ni toleo la Elektor la Julai na Agosti, lile toleo la pamoja la kiangazi lenye saketi ndogondogo zaidi ya mia moja, nyingine robo ukurasa tu. Kama nitaliingiza kuwa makala moja, saketi zote zitazama humo. Nikiingiza kila saketi peke yake, toleo hilo moja litakula wiki nzima. Nimeshika kalamu tangu asubuhi na sijaamua.