Ucheleweshaji wa mtandao ni nini?

Ucheleweshaji ni muda ambao pakiti ya data (kipande kidogo cha data) inautumia njiani kati ya kifaa chako na seva. Ukipima kwa ping, amri ya kompyuta inayotuma pakiti ndogo na kusubiri jibu, unapata muda wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Usiuchanganye na kasi inayouzwa kwa megabiti. Megabiti zinasema ni data kiasi gani inapita kila sekunde. Ucheleweshaji unasema utasubiri jibu kwa muda gani. Ndiyo maana laini ya megabiti 100 inaweza kushusha filamu upesi, na bado watu wakawa wanakatizana maneno kwenye simu ya video.

Sehemu ya muda huo haiondoki. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 za njia zinaongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Seva iliyo umbali wa kilomita 6,000 haitajibu chini ya milisekunde 60, hata ulipie kifurushi gani. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 angani: ombi linapanda na kushuka, jibu nalo vilevile, na safari hiyo pekee inakula karibu nusu sekunde.

Inayorekebishika, na ndiyo inayosahaulika zaidi, ni foleni. Ruta ikipokea pakiti nyingi kuliko laini inavyozimudu, inazipanga kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya kusubiria. Bafa ya megabaiti 1 (yaani megabiti 8) iliyojaa, kwenye laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde, inahitaji sekunde 8 kuisha. Simu moja ikianza kupakia video, aliye kwenye mkutano anaganda, na laini yenyewe ni nzima kabisa.

Pima hivi. Kwanza ping anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1. Kwa kebo tarajia milisekunde 1 au 2; kwa Wi-Fi ikirukaruka hadi 100, tatizo liko ndani ya nyumba. Kisha ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako, mtandao ukiwa umetulia, halafu rudia huku ukipakia faili kubwa. Kwenye Windows ongeza -t kwenye amri, la sivyo inatuma pakiti 4 tu na kuacha. Namba ikitoka 30 ikafika 800, hiyo ni foleni.

Dawa yake ni kuwasha fq_codel au cake, programu za kupanga foleni ya pakiti, kwenye ruta inayoziruhusu, kisha kuweka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi ya kupakia uliyoipima kwa kipima kasi cha intaneti. Kikomo kikizidi kasi halisi, foleni inahamia kwenye modemu, ambako ruta haiwezi kuipanga. Kwa intaneti ya laini ya simu, ambayo kasi yake inapanda na kushuka kutwa, pima saa za msongamano na utumie namba ya wakati huo.