Kinyozi Mpya na Vipele vya Kisogoni: Majibu kwa Wanaonyoa Mtwara

Korosho zikishalipwa, vijana wa Newala, Tandahimba na Masasi hushuka Mtwara mjini kufanya manunuzi, na wengi hunyoa kwa kinyozi wasiyemjua. Baadhi yao huja kwetu hospitalini baadaye visogo vimevimba. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Kinyozi simjui. Nitajuaje kama ananyoa kwa usalama?

Usikae kwenye kiti kwanza. Mtazame anavyommaliza aliyekutangulia. Kama anapuliza mashine kwa mdomo kisha anakuita, ondoka. Nywele zilizonasa zitolewe kwa brashi, ndipo mashine ipakwe spiriti, na spiriti iachwe ikauke. Spiriti ikipakwa juu ya uchafu haisaidii kitu. Lile sanduku lenye taa ya bluu nalo halisafishi mashine chafu. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Taulo nenda na lako. Ukiona aibu kumwambia, kumbuka kichwa ni chako na hela ni yako, na vinyozi wapo tele kuanzia Chikongola mpaka Mikindani.

Nimwambie nini ili ninyolewe vizuri?

Taja urefu kabla mashine haijawashwa. Namba moja huacha nywele za milimita 3 hivi, namba mbili kama milimita 6. Kama ngozi yako ni ya kutoka vipele, usipige kipara, na kisogoni usipitishiwe wembe. Nywele zetu hujikunja. Ukizikata mpaka ndani ya ngozi, ncha inapoota huchoma nyama, na mwili unapambana nayo kama mwiba. Hapo ndipo vipele vinapoanzia.

Nina vipele kisogoni. Kinyozi anasema akivikwangua mpaka vitoe damu vitakauka. Ni kweli?

Hapana. Si kweli, na ndilo jambo linaloharibu visogo vingi ninavyoviona. Kila unapokwangua unaongeza kidonda, kila kidonda kinaacha kovu, na makovu yakirundikana yanakuwa uvimbe mgumu usioota nywele tena. Usikubali kukwanguliwa.

Mbona rafiki yangu alikwanguliwa vikakauka?

Vilikauka juu. Mguse kisogo baada ya miezi michache. Nasema tena: vipele havikatwi kwa mashine, havikwanguliwi kwa wembe, havikamuliwi kwa kucha. Asidi ya betri na mafuta ya taa havipakwi kwenye ngozi ya binadamu, awe mkubwa au mtoto. Acha nywele zikue, acha kola ngumu zinazosugua shingo, uje upewe dawa. Vikiwa vidogo, mara nyingi dawa ya kupaka na ya kumeza hutosha. Vikishakuwa uvimbe mgumu tunazungumzia sindano za ndani ya kovu au upasuaji. Kwa nini ufike huko?

Nikikatwa damu ikatoka, naweza kupata Ukimwi?

Kwa kunyolewa ni nadra sana. Watu wanaogopa Ukimwi na kusahau homa ya ini ya aina B, ambayo virusi vyake huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu kavu usiyoiona. Chanjo ipo, na kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi 3. Ukikatwa na wembe wenye damu ya mtu mwingine, njoo siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Na wazazi mnaopeleka watoto jandoni: kila mtoto na wembe wake, wa kutahiria na wa kunyolea. Hilo halina mjadala.

Mtoto ana mapunye. Nimnyoe kipara nimpake dawa?

Kipara hakitibu mapunye, na dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la unywele. Anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 8. Mpe zote, hata nywele zikianza kuota. Kikitokea kivimbe laini chenye usaha, usikipasue. Mlete.

Nije lini?

Vipele vikifikisha wiki 2, njoo. Ukiwa na homa, usaha, maumivu makali, au tezi za shingo zimevimba, njoo leo. Anza na zahanati ya karibu. Ikibidi wao ndio watakaokupa rufaa ya hospitali ya Ligula, au ya Sokoine kwa walio Lindi. Usingoje mnada ujao wa korosho. Na usipitie kwa kinyozi ili uje ukiwa nadhifu. Nataka nivione vipele kama vilivyo, na nywele zake.