Solusheni haibandikwi mbichi

Naomba leo tulimalize hili la solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka vya tyubu. Juzi tena mteja kafika akisukuma baiskeli kutoka barabara ya Bahi, tairi la nyuma limelala, na maneno ni yaleyale: "Fundi, niliziba mwenyewe, nikawahi kubandika kabla haijakauka, lakini solusheni za siku hizi feki." Si feki, ndugu yangu. Umebandika mbichi.

Wengi wanaichukulia kama gundi ya karatasi: paka, bandika ikiwa majimaji, itakaukia humo humo. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa ndani ya kimiminika kinachoruka hewani upesi, ndiyo ile harufu inayopanda kichwani. Kazi ya kimiminika hicho ni kuutandaza mpira na kuulegeza kidogo uso wa tyubu. Kikishamaliza, kinatakiwa kiondoke. Ukikifunika na kiraka hakina pa kutokea, maana tyubu nyingi za sasa ni za butili, mpira uliochaguliwa kwa sababu unazuia hewa kupita. Kinabaki kimenaswa, na kiraka chako kimekaa juu ya utelezi. Kiraka cha dukani, kile chenye kingo za rangi ya chungwa, tumbo lake limetengenezwa liungane na solusheni iliyokwisha kukauka. Ukikata kiraka kutoka tyubu kuukuu, kwaruza na upake pande zote mbili, zote zikauke.

Ikauke kwa muda gani? Usiniulize dakika. Dodoma saa saba mchana na Lushoto asubuhi ya baridi havifanani hata kidogo. Tazama mng'ao: ule unyevu unaometa ukiisha, gusa ukingoni, mbali na tundu, kwa mgongo wa kidole. Ikivuta uzi, bado. Ikiwa haichafui kidole, bandika, kisha kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje. Na tafadhali acheni kuipuliza kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na unyevu ndio usioutaka hapo.

Halafu kuna wanaoiwasha kwa kiberiti. Hapa sina msimamo mkali kama wenzangu wengine. Mafundi wazee niliowakuta kazini waliwasha, wakauzima moto mara moja, wakabandika, na viraka vyao vilishika miaka. Nadhani vilishika kwa sababu moto ulimaliza kile kimiminika, yaani hata wao walibandika kavu. Mimi siwashi, kwa sababu ukichelewa kidogo unaunguza tyubu pale pale palipo dhaifu, na chupa ya solusheni huwa imekaa wazi karibu na mguu. Lakini siwezi kusema viraka vyao vilikuwa vibovu.

Msasa nitaupita haraka: kwaruza eneo kubwa kuliko kiraka mpaka weusi unaong'aa uishe, ule mstari wa kiungo cha tyubu uusawazishe kabisa la sivyo hewa itafuata ubavu wake, na usipaguse tena kwa vidole vyenye grisi.

Kinachowadanganya watu ni kwamba kiraka kibichi nacho hushika. Ukijaza upepo, tairi linakibana, unaenda sokoni, unarudi, unajiona fundi. Safari ndefu ndiyo inayokiumbua. Lami imepata moto, kwenye keria kuna mzigo, tairi linajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na taratibu kiraka kinaanza kutambaa kutoka kwenye tundu. Kwa hiyo kinaachia porini kuelekea Manyoni, wala si mlangoni kwako, na wewe unalaumu duka.

Tatizo hili la kukauka ni la zamani. Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alipoleta tairi la upepo mwaka 1888, tairi lenyewe liligandishwa kwenye ringi, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa kadhaa na kusubiri gundi usiku kucha. Ndugu Michelin wa Ufaransa walitafuta njia ya kulifungua tairi upesi, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200, kwa tairi zao. Kilichofupishwa pale ni kufungua na kufunga. Gundi haikubadilika tabia.

Kabla ya kukilaumu kiraka, tafuta kilichotoboa. Mbigili ukibaki ndani ya tairi, utaziba mpaka solusheni iishe. Barabara kuu ina adui mbaya zaidi, zile nyuzi za waya zinazobaki begani mwa barabara tairi la lori likipasuka. Nyembamba kama unywele, hazionekani, na kidole kikipita haraka hakizihisi. Toa tyubu ukiikumbuka ilivyokaa, pima umbali wa tundu kutoka kwenye vali, nenda sehemu hiyo hiyo ya tairi, likunjue ndani nje, ukague polepole. Tundu likiwa upande wa ringi, kagua vichwa vya spoki. Yakiwa matundu mawili yanayotazamana, hakuna mwiba: ulipanda na upepo mdogo, ringi ikaibana tyubu kwenye jiwe. Jaza kufuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Na haraka yenyewe inatoka wapi? Mara nyingi ni kwa sababu mtu ameshachoka. Kiti amekishusha mno, magoti yanawaka; angekipandisha hadi mguu ukanyooka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini. Maji anakunywa akishaona kiu, chakula akishaanza kutetemeka. Kurudi Dodoma kutoka Manyoni unaelekea mashariki, na kiangazi upepo unakupiga kifuani. Hapo anasukuma gia nzito kwa hasira badala ya kuzungusha miguu kwa wepesi. Pancha ikimkuta katika hali hiyo, hawezi kusubiri solusheni. Namwelewa kabisa, na ndiyo maana ninayemfundisha kuziba namfundisha pia kula mapema.

Kwa safari ya kutwa mimi nabeba tyubu mbili nzima. Barabarani nabadilisha tu, baada ya kuutoa mwiba, na ile iliyotoboka naikunja mfukoni. Jioni nikishafika, nimeoga na kula, naiziba mezani kwenye mwanga, naijaza kiasi, naiacha hadi asubuhi. Ikiwa imelegea, naitumbukiza kwenye beseni na kufuata viputo kabla ya kuanza safari.