Kuelimisha Umma na Kushirikisha Umma Ni Kazi Mbili

Imekuwa desturi kwa maabara za utafiti za vyuo vikuu kuandika katika taarifa zao za mwaka kwamba zimeshirikisha jamii, na msomaji akishuka chini ya kichwa hicho hukuta mambo yale yale: wanafunzi wa sekondari walitembezwa maabara na kuchungulia hadubini, mtafiti alihojiwa redioni, banda lilifunguliwa kwenye maonyesho ya Nane Nane, na vipeperushi viligawiwa mpaka vikaisha. Ni kazi njema, na nyingine ni ngumu kuliko zinavyoonekana kwa nje, lakini jina lake ni elimu ya sayansi kwa umma. Kushirikisha umma ni utaratibu unaowapa watu wasio watafiti nafasi ya kusema kabla haijaamuliwa ni nini kitafitiwe, kwa njia gani na kwa masharti yapi, na unaomlazimu mtafiti kujibu alichoambiwa, hata kama jibu lenyewe ni kukataa kwa sababu zilizotajwa wazi.

Kuchanganya kazi hizi mbili kuna historia, na sehemu kubwa yake ni ya Uingereza. Mwaka 1985 jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society ilitoa ripoti ya kamati iliyoongozwa na mtaalamu wa jenetiki Walter Bodmer, ikihimiza wanasayansi waone kuwa ni wajibu wao kuwaeleza wananchi kazi zao. Wahakiki waliofuata waliona kwamba juhudi nyingi za wakati huo zilisimama juu ya dhana moja isiyosemwa: kwamba mwananchi anaitilia shaka sayansi kwa sababu amepungukiwa maarifa, na kwamba akijazwa maarifa hayo shaka itakwisha. Ndipo ukapatikana msemo wa kitaaluma wa mtazamo wa upungufu, ambao hadi leo unatumika zaidi kama lawama kuliko kama maelezo.

Aliyeutikisa mtazamo huo kwa ushahidi alikuwa Brian Wynne wa Chuo Kikuu cha Lancaster, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu wengi hulitaja fundisho lake bila kukijua chenyewe. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986, mvua ilishusha siziamu yenye mionzi juu ya vilima vya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, ambako wafugaji huchunga kondoo katika malisho ya wazi. Serikali ilizuia uuzaji wa kondoo hao, na wataalamu wakawahakikishia wafugaji kwamba zuio lingedumu wiki 3 tu. Hesabu yao ilitokana na tabia ya siziamu katika udongo wa mfinyanzi, ambao huinasa isiingie kwenye nyasi, ilhali vilima vile vina udongo mweusi wenye asidi na mboji nyingi, ambao huiacha ipande kwenye majani, iliwe na kondoo, irudi ardhini na kuanza safari upya. Masharti ya mwisho yaliondolewa mwaka 2012.

Kosa la udongo lingeweza kumpata mtafiti yeyote. Kilichowaudhi wafugaji ni namna walivyotendewa wao wenyewe katika muda huo wote. Walipouliza kama sehemu ya mionzi hiyo haikutoka katika mtambo wa nyuklia wa Sellafield ulio jirani yao, mahali palipotokea moto mkubwa mwaka 1957, walijibiwa kama watu wanaoeneza uvumi. Walipoona watafiti wakifungia kondoo ndani ya uzio ili kupima kama udongo maalumu uliomwagwa malishoni utapunguza mionzi, walionya kwamba kondoo wa vilimani akifungiwa hudhoofika, kwa hiyo vipimo vyake havitafanana na vya kondoo anayetembea huru. Hakuna aliyewasikiliza, na baadaye jaribio lenyewe likaachwa kimyakimya. Kuwapa semina kuhusu mionzi kusingesaidia, kwa kuwa maarifa yaliyokosekana siku ile yalikuwa ya malisho na ya mifugo, na waliokuwa nayo ni wao. Mwaka 2000, wakati imani ya Waingereza ilipokuwa pia imeyumbishwa na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, kamati ya Baraza la Juu la Bunge lao ilitoa ripoti iliyotaka mazungumzo na wananchi yawe sehemu ya kawaida ya shughuli za sayansi. Msamiati ukabadilika haraka sana kuliko mazoea, na huko ndiko ilikoanzia tabia ya kuiita kila ziara ya shule ushirikishaji.

Kwetu pwani mfano unaofundisha zaidi uko Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, imekuwa ikifanya utafiti tangu mwaka 1989 kwa ushirikiano na mfuko wa Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford. Watafiti wa huko walieleza kwa uwazi usio wa kawaida kwamba wazazi wengi hawakuona mpaka kati ya utafiti na matibabu, na kwamba uchukuaji wa damu ulizua hofu kubwa. Ni hofu ambayo pwani hii imeijua tangu zama za ukoloni kwa jina la mumiani, yaani watu wanaodhaniwa kunyonya damu za wengine. Mtu wa mtazamo wa upungufu angedhani dawa yake ni kueleza kwamba damu inayochukuliwa haizidi kijiko au viwili. Maelezo hayo yanahitajika, lakini hayamjibu mama anayetaka kujua damu ya mwanawe itahifadhiwa wapi, itapelekwa nchi gani, na nani ataruhusiwa kuitumia kwa utafiti mwingine ambao hakuambiwa. Anachouliza ni juu ya mamlaka, na hakijibiwi kwa somo la biolojia.

Kilifi ilijibu kwa njia zote mbili, na ndiyo sababu ninaitaja. Kuna mpango wa shule unaowakutanisha wanafunzi na watafiti ili waielewe sayansi na pengine waitamani, na hiyo ni elimu. Kuna pia mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na wakazi wa maeneo yao, ambao si waajiriwa wa kituo na ambao hupokea maelezo ya tafiti zinazokusudiwa na kurudisha maoni ya watu. Fomu za ridhaa ziliwahi kuandikwa upya baada ya kupitiwa na wafanyakazi wa nyanjani pamoja na wanajamii, na fomu iliyobadilika kwa sababu hiyo ni kitu kinachoweza kuwekwa mezani kikaonekana. Wala sidai kwamba mambo yamenyooka: mwakilishi huyo huyo hutegemewa kuwasemea majirani zake na wakati huo huo kuwaelezea kituo, na akizoea upande wa pili mno majirani humhesabu kuwa mtu wa KEMRI, hata kama hapokei mshahara.

Kwa hiyo maabara iliyopokea wanafunzi, ikawaonyesha jinsi vimelea vya malaria vinavyotazamwa na kuwajibu maswali yao, iandike bila kuona haya kwamba imetoa elimu ya sayansi kwa umma, na ihesabu wanafunzi wake kama mwalimu anavyohesabu. Neno kushirikisha liwekewe safu yake katika taarifa hiyo, na ndani yake yaandikwe maoni yaliyopokelewa, nani aliyatoa, na ni kipi katika mpango wa utafiti kilichobadilika au kilichokataliwa kubadilishwa, pamoja na sababu. Safu hiyo ikibaki tupu mwaka huu, iachwe tupu.