Liwali wa Tanga hakuwa Meya

Barazani Tanga bado husemwa kwamba umeya ni uliwali, yaani cheo cha zamani cha mtawala wa mji wa pwani, uliobadilishwa jina. Sivyo. Liwali aliteuliwa na Sultani wa Zanzibar, na baadaye wakoloni walipomwacha katika cheo hicho aliendelea kuwajibika kwa waliomweka, akiamua mashauri ya wenyeji. Meya, yule avaaye joho na mkufu, huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, naye huongoza vikao vya baraza, ilhali shughuli za kila siku zimo mikononi mwa mkurugenzi. Tena umeya wenyewe haukuendelea bila kukatika, kwa kuwa mabaraza ya miji yalivunjwa miaka ya 1970 kabla ya kurejeshwa. Tanga ilipopandishwa kuwa jiji mwaka 2005, cheo hicho kilikuwapo tayari katika manispaa.