Kabla ya kuinua gari, punguza upepo wa tairi

"Fundi, niinulie gari inchi mbili, uniwekee na tairi kubwa, wikendi tunashuka kreta ya Menengai." Ombi hili limenifikia tena wiki hii, na kabla sijamaliza kulijibu likaingia jingine la aina hiyo hiyo, safari hii la Forester. Nimechoka kulieleza kwenye simu huku mikono ina grisi. Nitaliandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Imani yenyewe ni kwamba gari huwa la porini kwa urefu wake. Likikaa juu, linapita. Sasa chukua tochi uingie chini ya Prado yako. Kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote huko nyuma ni difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, na difu iko ndani ya ekseli. Springi ndefu huinua bodi na chasisi, lakini ekseli inabaki palepale kwa sababu imekalia magurudumu. Jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaigonga na kesho, ila wewe utakuwa umekaa juu zaidi ukilisikiliza. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya tofauti ya vipimo. Ukitoka 265/70R16 ukaenda 285/75R16, kipenyo kinapanda kutoka milimita 777 hadi 834 hivi. Nusu ya tofauti hiyo ni milimita 28. Fedha zote hizo, na tairi kugusa matao kila ukikata kona, kwa milimita 28! Juu ya hayo injini inahisi gia zimekuwa ndefu, spidomita ikisoma 100 wewe uko 107, breki zinafanya kazi zaidi, na spea mpya haienei mahali pake.

Nakubali, bodi ikipanda unapata nafasi ya kuingia na kutoka kwenye makorongo bila kukwaruza bampa, na kuna njia ambazo bila hiyo hupiti. Lakini anayeanza hajafika kwenye njia hizo. Wengi wanatazama picha za Rhino Charge wakadhani ndivyo gari la kuanzia linavyotakiwa kuwa. Mashindano hayo yalianza 1989 kuchangisha fedha za kuzungushia Aberdare uzio, na mshindi ni anayefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, hata kama njia haipo. Magari yake hujengwa kwa kazi hiyo tu. La kwako Jumatatu linapeleka watoto shule.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni geji ya upepo. Cha pili ni kompresa ya kurudishia huo upepo. Hapo watu hunikatia maneno: "Fundi, tairi tayari zina upepo." Ndiyo, na ndio unaokukwamisha.

Tairi yenye psi 35 (psi ndiyo namba unayoisoma kwenye geji), kipimo kizuri cha lami, hugusa ardhi kwa kipande kifupi. Ukishusha hadi 20 hivi, kipande hicho kinarefuka. Watu hudhani tairi inatanuka kwenda kando, lakini faida kubwa iko kwenye urefu, kutoka mbele kwenda nyuma. Uzito uleule unagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi, gari halizami upesi, na meno mengi yanashika kwa wakati mmoja. Teremkeni Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, wakati wa kiangazi muone lile vumbi laini la majivu ya volkano, lile ambalo wanaofuata Safari Rally wanaliita feshi-feshi. Ukiingia na psi 35 gari linachimba shimo lake lenyewe. Shusha hadi 18, gari lilelile na dereva yuleyule, linatoka likitembea. Hakuna springi duniani itakayokufanyia hivyo.

Vipimo vyangu vya kuanzia, kwa gari la karibu tani 2 lenye mzigo wa kawaida: murramu yenye makorogesheni (vile vituta vya mawimbi), 26 hadi 28, njia mbovu ya mawe, 22 hadi 25, vumbi laini na mchanga, 16 hadi 18. Chini ya 15 sishuki kwa rimu za kawaida, maana kona moja ya haraka inaweza kuichomoa tairi kwenye rimu. Jimny yenye uzito wa karibu tani 1 inaweza kushuka zaidi kidogo. Tairi ngumu za pikapu, zenye ukuta (ubavu wa tairi) mnene, nazo zinahitaji kushushwa zaidi ili zilegee. Pima asubuhi zikiwa baridi. Baada ya mwendo wa saa nzima hivi, pima tena: upepo ukiwa umepanda zaidi ya psi 4 hadi 6, ulikuwa umepunguza kupita kiasi kwa mwendo huo, au unakimbia mno. Na mwendo ndio ninaougombeza kuliko vyote. Tairi laini ni ya kutambaa. Mtu anashusha hadi 18, anatoka porini salama, halafu anashika lami ya kwenda Gilgil kwa kilomita 100 kwa saa kwa sababu kompresa ameiacha nyumbani. Ukuta wa tairi unapinda na kunyooka bila kupumzika, unachemka, unapasuka.

Nikikwambia kompresa, sina maana ya kale kadogo ka kuchomeka kwenye shimo la kuwashia sigara. Kwa tairi nne za Prado kitachoka kabla yako, au kitaunguza fyuzi. Nunua ile inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, na uiwashe injini ikinguruma.

Kuna swali moja la haki ambalo huulizwa: je, tairi laini haitobolewi kirahisi? Inategemea. Kwenye mawe ya mviringo, tairi laini hujikunja juu ya jiwe badala ya kupambana nalo, na hupata pancha chache. Lakini sakafu ya Menengai ni lava, na lava ina makali kama ya chupa iliyovunjika. Tairi ikilegea, ukuta wake unatokeza nje, na ukuta ndio usioweza kuzibwa. Mimi pale hushusha kidogo tu, 26 hivi, halafu natambaa. Nina wenzangu wenye ujuzi wanaoshusha hadi 20 palepale na hawajutii. Hatujakubaliana, na sidhani tutakubaliana.

Matope ndiyo yanayonitia mashaka zaidi. Vitabu vinasema punguza upepo, basi. Lakini matope si kitu kimoja. Ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ukitoka Ahero, ukinyeshewa unavimba, unajaza meno ya tairi, na baada ya mizunguko michache una mipira minne ya matope isiyo na meno. Hapo upepo mdogo unasaidia usizame, lakini tairi isiyozunguka kwa kasi haijisafishi. Kwenye njia za viazi za juu kule Kuresoi na Mau Narok, mara nyingi tope ni telezi nyembamba juu ya ardhi ngumu, na nimeona tairi nyembamba yenye upepo wa kutosha ikikata hadi kwenye ardhi ngumu na kupita, wakati tairi pana na laini inaelea na kuserereka hadi mtaroni. Kwa hiyo sina kipimo kimoja cha matope. Naanza na 22, natazama gari linafanya nini, kisha naamua. Atakayekupa namba moja ya matope yote, muulize ameendesha wapi.

Jambo la pili linalonikera ni pale pa kufungia kamba. Gari likikwama, kila mtu anakimbilia kamba. Hakuna anayeuliza kamba itafungwa wapi. Chini ya bampa za magari mengi yaliyotoka Japani kuna vipete vya chuma chembamba. Vipete hivyo viliwekwa ili gari lifungwe lisitembee ndani ya meli mpaka Mombasa. Vinaweza kushika gari lililosimama. Havikutengenezwa kupokea mvuto wa ghafla wa gari jingine la tani 2. Na ile gololi ya trela kule nyuma, tafadhali, tafadhali, usiifunge kamba ya kukwamulia. Shingo yake ikikatika, kipande cha chuma kinaruka na kamba kama risasi, kinapita kwenye kioo, na kimeshaua watu, Australia ikiwemo. Kama gari lako halina ndoano halisi zilizofungwa kwa bolti kwenye chasisi, mbele na nyuma, hiyo ndiyo kazi ya kuleta gereji. Ni nafuu kuliko springi, na ndiyo nitakayoifanya kwanza hata ukinibishia.

Kamba nayo ina mambo yake. Mnyororo haunyumbuki. Trekta ya shamba ikikuvuta polepole kwa mnyororo uliokwisha kunyooka, ni sawa. Gari jingine likiurukia mnyororo uliolegea, kitu kitavunjika, na huchagui kipi. Kamba ya nailoni ya kunyumbuka hurefuka, huhifadhi nguvu, kisha hukuvuta kwa upole, lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo itakayorusha chuma kama umeifunga mahali pabovu. Pingu za chuma ziwe zimeandikwa uzito zinaobeba. Ile ya milimita 19 yenye maandishi ya tani 4.75 inatosha. Isiyo na maandishi iache dukani. Watazamaji wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba, na watoto wa kijiji hawatatii mara ya kwanza, kwa hiyo rudia. Huwa naweka gunia lenye udongo juu ya kamba ili likatize mruko ikikatika. Kusema kweli sina hakika linasaidia kiasi gani. Naliweka hata hivyo.

Winchi, ile mashine ya gari kujivuta kwa kamba yake? Baadaye. Mtu wa kwanza kuniambia anataka winchi nilimuuliza kamba yake ataifunga wapi pale Elementaita penye vichaka vya leleshwa tu. Leleshwa haitashika Prado iliyozama. Beleshi moja la mpini mrefu na jozi ya mbao za plastiki za kukwamulia vitakutoa mara nyingi zaidi, kwa sehemu ndogo ya bei. Chimba mbele ya magurudumu, toa udongo uliobeba tumbo la gari, shusha upepo, weka mbao. Ndiyo, utachafuka.

Sasa gari lenyewe. Ukiwa na Prado inayosukuma magurudumu yote manne muda wote, kuna kitufe au kigingi cha kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nimekuta wenye magari waliokwama gurudumu moja likizunguka hewani, na kitufe hicho hakijawahi kuguswa tangu gari lishuke melini. Kwenye tope kifunge. Kwenye lami kifungue, maana magurudumu hayazunguki sawa kwenye kona na mfumo unajikaza hadi kitu kilie. Hilux na Land Cruiser za 70 ni vivyo hivyo: fo-wili (kusukuma kwa magurudumu yote manne) si ya lami kavu. Jaribu kuingiza gia ya chini, ile ya nguvu nyingi na mwendo wa kutambaa, kwenye murramu ya karibu na nyumbani kabla ya safari, kwa sababu mitambo isiyotumika miaka mingi hugoma siku unayoihitaji.

Forester, X-Trail, RAV4: mazuri kwa murramu na telezi kidogo. Mengi hayana gia ya chini, na ukiyalazimisha kwenye mchanga mzito kiungo kinachopeleka nguvu kwenye ekseli ya pili huchemka, na mengi hukikata yenyewe hadi kipoe. Hilo si ubovu, ndivyo yalivyotengenezwa. Inchi mbili hazitayabadilisha.

Mengine nayapitia upesi. Tazama tarehe ya tairi: namba nne za mwisho pembeni, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi yenye meno mapya lakini ya miaka kumi ni mzee aliyepaka nywele rangi. Spea iwe na upepo. Jeki ya chupa na kipande cha mbao nene cha kuiwekea chini, maana kwenye tope jeki inazama badala ya gari kupanda. Jeki ndefu ya shamba iache mpaka mtu akufundishe, mpini wake ukikuponyoka unavunja taya. Vifaa vya kuziba pancha za tyublesi. Mikanda, mipira ya radieta, maji, betri iliyobanwa vizuri. Mzigo mzito uweke chini na katikati, si juu ya keria. Jerikani ya lita 20 za maji ni kilo 20, na jerikani nne juu ya paa utazihisi kwenye mteremko wa kwanza unaoliinamisha gari upande.

Na maji. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, haifanyi gari kuwa mashua. Huokoa injini isimeze maji, basi. Difu ikiwa ya moto ikazamishwa ghafla kwenye maji baridi ya mto Perkerra kule Marigat, hewa ndani yake inasinyaa na inavuta maji kupitia sili, hasa kama kile kipumulio kidogo juu yake kimezibwa na tope. Kirefushe kwa mpira mwembamba hadi juu chini ya boneti, kando ya injini. Ni kazi ya mchana mmoja. Ukirudi nyumbani, fungua bolti ya kujazia mafuta ya difu, chovya kidole. Mafuta yakiwa meupe-meupe, yamwage yote na uweke mapya kabla ya kuliendesha tena, hata kama ni hadi kazini tu.