Mwambani, tafuta tundu kabla ya samaki

Wageni wengi wanaoingia majini na snokeli, bomba la kupumulia, pale visiwa vya Chumbe au Mnemba, Zanzibar, hupiga mapezi mfululizo, wakatoka wameona samaki wa manjano na wa buluu basi. Wenye mambo hasa wamejificha. Chagua mwamba mmoja wenye ukubwa wa chumba, elea kando yake dakika kumi bila kutikisa miguu. Baada ya dakika mbili tatu walioingia ndani wakikukimbia wataanza kutoka.

Wakati una maana kuliko vifaa. Siku za bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne. Mkondo unakuwa mkali, mchanga unatimka, huoni mbali. Nenda siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, asubuhi, upepo haujaanza. Mwamba wa kina kifupi usiuendee maji yakiwa yamekupwa kabisa, maana utaukwaruza kwa tumbo na magoti, na matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka.

Pweza usimtafute yeye, tafuta takataka zake. Mlangoni mwa tundu huacha makombe matupu na magamba ya kaa, na mara nyingi huziba mlango kwa vijiwe. Makombe yakiwa meupe, hayajaota mwani, mwenyewe yumo au karibu atarudi, kwani pweza wa huku huwinda mchana. Kitu cha kwanza kuonekana ni jicho lililoinuka juu ya jiwe. Akipauka ghafla, umemsogelea mno, rudi nyuma.

Ninachokipenda zaidi ni vituo vya usafi. Ukiona chewa au pono amesimama mahali pamoja, kichwa juu au chini, mdomo wazi, tazama mashavuni mwake. Kuna visamaki vyembamba vya urefu wa kidole, vya buluu vyenye mstari mweusi, vinamchokoa wadudu hadi ndani ya kinywa, naye hawamezi. Lakini yupo tapeli anayefanana nao rangi na hata mchezo wa kuogelea, ambaye mteja akitulia humng'ata kipande cha pezi. Mtofautishe kwa mdomo: wa msafishaji uko nchani kabisa, wa tapeli uko chini ya pua. Ukiwa juu huwezi kuuona, shuka ukae usawa wake. Mteja anayeshtuka na kukimbia naye ni dalili, ingawa hata msafishaji halisi hudokoa mara mojamoja.

Kwenye anemoni, mnyama laini mwenye minyiri aliyeshikamana na mwamba, hesabu samaki walio ndani. Mkubwa kuliko wote ndiye jike. Akifa, dume lake hugeuka jike na kushika nafasi. Chini ya matumbawe yaliyotandaa kama meza chungulia mkia wenye michirizi ya buluu: huyo ni samaki taa, na mwiba wake uko mkiani, kwa hiyo usimzibe njia ya kutokea. Samaki mkunga anayefunguafungua kinywa hakutishi, anapumua. Kasa naye mpishe apande kuvuta hewa, usikae juu yake.

Wa kumwogopa kweli ni samaki kikande mkubwa, anayefikia sentimita 75, akiwa analinda mayai kwenye shimo la mchanga. Eneo lake hupanuka kadiri unavyopanda juu, kama faneli, ndiyo maana anayekimbilia juu huzidi kufukuzwa. Ogelea kwa ubavu, chinichini, ukimwelekezea mapezi. Akiuma, aume plastiki.

Konokono mwenye umbo la koni usimwokote hata akionekana mfu, sumu yake imewahi kuua watu. Samaki jiwe humwoni mpaka umemkanyaga, kwa hiyo usisimame popote mwambani. Mtu akichomwa, toa miiba inayoonekana, kisha zamisha mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikipangwa. Joto la maji lipimwe kwa mkono wa mtu mwingine au kwa mguu ambao haukuchomwa, kwa sababu mguu uliochomwa umejaa maumivu na utaungua bila mwenyewe kujua. Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto iwemo chomboni kabla ya kung'oa nanga.